Pamba ya Mayu Minza na Habari Niliyoiandikia Baa

Jumamosi, katikati ya Juni. Upepo wa kiangazi tangu alfajiri, vumbi jembamba hewani, jua la rangi ya maziwa. Vidole vinaniuma.

Leo ni siku ya hamsini na sita bila pombe. Naiandika hesabu hiyo kwa sababu ni mazoea ya kazi yangu, lakini siku zenyewe hazifanani na hesabu. Zinakwenda polepole na zina mwanga mwingi. Asubuhi naamka na kukuta dunia imefika kabla yangu: redio ya jirani, harufu ya majivu, mtu anafagia uwanja wake taratibu kama hana mahali pengine pa kwenda. Nakaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza kimoja kimoja. Miaka mingi nilikuwa naamka nikiwa nimechelewa kwa kila kitu. Sasa nawahi, na sijui nifanye nini na muda huo wote.

Kwa Jumamosi sita nimekaa benchi moja na mtu niliyemharibia jina, naye hakujua.

Leo amejua.

Nianze mwanzo. Wanaosoma blogu hii wananijua kama mtu wa bei ya pamba, ziara za viongozi na ajali za barabara ya Lamadi. Hawanijui kama mlevi. Au wananijua na hawajaniambia. Neno lenyewe nimeliandika mara nyingi juu ya watu wengine. Mlevi agongwa na lori. Mlevi achoma nyumba ya mkwewe. Ni neno zuri kwa kichwa cha habari, herufi tano tu.

Mwezi wa tatu daktari aliandika kwenye kadi yangu kwamba niache pombe, akapiga mstari chini yake. Nilimuuliza mtu anaachaje. Akasema huko Mwanza kuna watu wanakutana, wanaongea, wanasaidiana, akanipa anwani. Nilipanda basi. Nilifika stendi ya Mwanza saa nne asubuhi, na saa tano nilikuwa nimeketi baa na anwani ile mfukoni. Nikarudi na basi la jioni. Baada ya hapo nilimfuata katekista mmoja hapa Bariadi mjini, mtu mpole, akaniongoza kwenye kiapo mbele ya msalaba. Kiapo kilidumu kuanzia Jumapili mpaka Jumatano.

Kikundi nilikuja kukipata nikiwa natafuta pombe.

Mayu Minza anakaa kijiji cha Sapiwi, nje ya mji. Ni mjane wa miaka sitini hivi, na pombe yake ya mtama ilikuwa inawatoa watu mjini. Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilikodi pikipiki mchana, nikashuka kwake, na nilipoingia uani nikaona mitungi yote imefunikwa kifudifudi kwenye uzio, mikavu, mmoja una kiota cha kuku juu yake. Nilisalimia. Mwadila, mayu, yaani mama. Akaitikia, mwadila, ngosha, kama wanavyoitwa wanaume huku. Akanitazama midomo, akajua nimefuata nini.

Alinieleza bila kujieleza sana. Mpishi wa pombe lazima aonje. Yeye alianza kwa kuonja akaishia kulala kando ya mtungi huku mbuzi wanakula mahindi yake. Siku moja aliamka akakuta wajukuu wameshajipikia, wameshakula, na wamemfunika kanga. Hakupika tena. Walevi wake wawili watatu walipokuja na kukuta hakuna kitu walikaa wakaongea, wiki iliyofuata wakarudi kuongea tena, na hivyo ndivyo jambo lilivyoanza.

"Leo kuna maji tu," aliniambia. "Lakini kuna watu wanakuja kukaa. Kaa nao."

Nilikaa kwa sababu jua lilikuwa kali na pikipiki ilishaondoka.

Wanakutania kwenye ghala la zamani la chama cha msingi, nyuma ya gulio. Tangu makampuni yaruhusiwe kununua pamba, kila kampuni ina turubai lake na mizani yake kando ya barabara, na ghala la ushirika limebaki na popo. Ndani kuna giza la kupendeza. Nyuzi za pamba za misimu iliyopita zimening'inia kwenye utando wa buibui, na mlango ukifunguliwa zote zinatikisika kwa pamoja, kisha zinatulia. Nimehudhuria mikutano mingi katika maisha yangu, ya vyama, ya bodi, ya mabaraza. Hakuna niliyowahi kukaa ndani yake nikajisikia kama nimekaa chini ya maji, na kwamba kukaa huko si hatari.

Tulikuwa saba siku ile. Mtu anasema alivyo, kwa Kiswahili au Kisukuma, anavyotaka, kwa muda anaotaka. Hakuna anayemjibu. Hakuna anayemshauri. Akimaliza, wanasema mhola, yaani amani, na mwingine anaanza. Mwisho wanakunywa uji wa mtama. Wapita njia wamewapa jina, Wanywa Maji, na watoto wa shule na waendesha baiskeli hawapiti bila kuchungulia dirishani. Wanauliza, Wanywa Maji, leo mmelewa? Mzee mmoja hujibu bila kugeuka kwamba wamelewa sana, leo wamechota kisima cha juu, maji yake ni makali.

Nilipofikiwa nilisema mimi ni mwandishi wa habari. Sikusema uongo. Nikatoa daftari.

"Weka hicho," Mayu Minza akasema. "Hapa hatuandikwi."

Nikaweka. Lakini nilibaki nimejificha nyuma ya kazi yangu. Kila Jumamosi zamu yangu ilipofika nilisema mimi ni msikilizaji tu, nao wakasema mhola, hata kwa hilo. Nilikuwa sinywi. Nilikuwa nahudhuria. Nilijiambia kwamba hiyo inatosha, kwamba mtu anaweza kupona kwa kukaa karibu na wanaopona, kama nguo inavyoshika harufu ya moshi.

Jumamosi ya tatu aliingia Kulwa.

Ni mtu wa makamo yangu, mrefu, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa karani wa mizani wa kampuni moja hapo hapo Sapiwi. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma namba kwenye mizani, bila kupandisha wala kushusha. Msimu uliopita gazeti liliandika kwamba Kulwa, karani wa gulio la Sapiwi, alikutwa amelewa mbele ya mizani na kwamba alikuwa akiwapunja wakulima kilo. Gazeti lilifika asubuhi. Kabla ya mchana kampuni ilikuwa imempa mizani mtu mwingine. Wakulima wale wale aliowapimia kwa miaka walisimama wakamtazama akikusanya vitu vyake. Mkewe aliacha kwenda kisimani saa za watu wengi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kunywa Jumamosi, akawa mtu wa kunywa Jumatatu, kisha zile siku zilizobaki katikati.

Kisha alitoa kipande cha gazeti kutoka mfukoni mwa shati. Amekifunga kwenye nailoni. Akakisoma.

Niliitambua sentensi ya kwanza kabla hajafika mwisho wake. Nakumbuka nilijivunia kitenzi chake.

Mambo yalikuwa hivi, na nitayaandika kama nilivyopaswa kuyaandika wakati ule. Siku ile nilikuwa baa ya karibu na stendi ya hapa Bariadi, saa tisa alasiri. Dereva wa lori la pamba aliketi meza yangu akasema kuna karani mlevi amefukuzwa na wakulima kwenye mizani, jina lake Kulwa, upande wa Sapiwi huko. Sasa, huku kwetu kila pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Gulio lisilo na Kulwa ni la kutafuta. Ndiyo maana hata mtoto mdogo akitajiwa Kulwa anauliza papo hapo, Kulwa ng'wana nani, yaani mtoto wa nani. Ni swali la kwanza kabisa la salamu, hata kabla ya habari za mvua. Mimi, niliyezaliwa Maswa, niliyekulia ndani ya salamu hizo, sikuuliza. Nilipiga simu chumba cha habari nikaisoma habari yote kabla chupa ya pili haijaisha. Iliyokuwa imetokea ilitokea kweli, ila ng'ambo ya mto, kwenye gulio jingine, kwa Kulwa mwingine. Nilikuja kuujua ukweli huo baada ya wiki mbili. Sikusahihisha. Habari haikuwa na jina langu. Juu yake palisomeka Na Mwandishi Wetu, kama kawaida ya habari za mikoani.

Kulwa alipomaliza kusoma, alikunja nailoni yake akasema amejaribu kumtafuta aliyeandika. Pameandikwa Mwandishi Wetu, alisema. Sasa sijui ni wetu na nani. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nikijisikia nacheka.

Kisha akanigeukia. Ilikuwa kinyume cha desturi ya kikundi, lakini hakuna aliyemzuia.

"Ndugu mwandishi, hao unawajua. Nitafutie huyo mtu."

Nikasema nitaulizia.

Nimeandika uongo wa viongozi kwa miaka ishirini, nikiunukuu neno kwa neno. Najua unavyosikika. Haupigi kelele. Unasikika kama huo wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaka kusaidia.

Kila Jumamosi baada ya hapo, tukiwa tunatoka ghalani, Kulwa aliniuliza kama nimempata. Nilisema bado. Hakukasirika hata siku moja. Alisema ni kazi ngumu, anaelewa, magazeti ni mengi siku hizi. Siku moja aliniletea karanga mbichi, fungu zima, kwa usumbufu.

Nilikuwa naota wakati huo, ndoto za kukaribia kuamka. Ndoto moja imejirudia. Naingia ghalani, wote wamekaa, kila mmoja amefungua gazeti, na karatasi ni nyeupe, hazina herufi. Wanasoma kwa makini. Nami najua kwamba wakifika mwisho wa ukurasa watainua macho. Siku zote naamka kabla hawajafika.

Kilichonifikisha kwenye siku ya leo ni pamba ya Mayu Minza.

Ana ekari mbili. Mwaka huu zimefunguka vizuri, na kwa upepo huu pamba ikikaa siku nyingi inaanguka chini, inashika takataka, na mnunuzi anaiita fifi na bei yake ni nyingine. Gulio limefunguliwa wiki hii. Mjane hawezi kuchuma ekari mbili na wajukuu watatu. Njia ya huku ya kufanya kazi ya namna hiyo inajulikana: unawaita majirani, wanakuja wengi, kazi inaisha kwa siku moja, na wewe umepika pombe. Si mshahara. Hakuna anayeuita mshahara. Ni heshima kwa waliokuja, na bila hiyo hujaita watu, umewasumbua.

Mayu Minza aliita watu bila mtungi. Alipita nyumba kwa nyumba akisema atapika chakula kizuri, maziwa yatakuwepo. Walimsikiliza kwa adabu. Jirani mmoja, mwanamke mwenzake waliyekuwa wakipika pamoja zamani, alimuuliza, "Mayu, tuje tuchume kwa uji, tumejifungua?" Uani mwote walicheka, na Mayu Minza mwenyewe alicheka, alituambia. Lakini hakuna aliyekuja. Siku mbili alisimama ukingoni mwa shamba akiitazama pamba inadondoka. Jumamosi iliyopita, ghalani, zamu yake ilipofika, alisema kwamba usiku alikuwa ameshaugeuza mtungi mmoja ukaangalia juu. Hakuweka kitu ndani. Aliugeuza tu, akaenda kulala. Asubuhi akaurudisha.

Hakuna anayemjibu mtu pale, ndiyo kanuni. Lakini Kulwa akasema Jumamosi ijayo hakutakuwa na mkutano ghalani, mkutano utakuwa shambani, kila mtu aje na kitambaa chake.

Basi leo tulikuwa shambani, tisa kwa jumla. Tulisubiri umande ukauke, kwa sababu pamba ya umande huoza kwenye gunia. Tulikaa kwenye nyasi kama watu wanaosubiri ibada. Kisha jua likafika kwenye mistari, na shamba lote likawa jeupe kwa mara moja.

Sijui kuielezea hali ile kwa lugha ya kazi yangu. Unaingia kwenye mstari na weupe unakufika kiunoni. Upepo unavuma juu, chini kumetulia. Mkono wa kulia unachomoa, wa kushoto unapokea, unaweka safi kwenye kitambaa cha mbele na fifi kwenye cha nyuma, na baada ya nusu saa mikono haikuhitaji tena. Inakwenda yenyewe. Kichwa kinabaki juu ya pamba kama kitu kilichosahauliwa hapo. Sauti za watu zinatoka mbali ingawa wako hatua kumi. Mtu alikuwa akiimba kwa Kisukuma, wimbo wa ng'ombe, anauanza na kuuacha. Maganda makavu yalinichoma kwenye kucha, na maumivu yale yalikuwa kitu pekee kilichonihakikishia kwamba niko macho.

Kulwa alikuwa mstari wa pembeni yangu. Anachuma haraka kuliko wote, bila kuangusha. Tulikwenda sambamba muda mrefu. Kisha akaniuliza, kama kila Jumamosi, bila kunitazama:

"Umempata?"

"Nimempata."

Mikono yake haikusimama. "Nani?"

"Ni mimi."

Aliendelea kuchuma. Nilidhani hakusikia, nikafungua mdomo nirudie, nikaona kwamba amesikia, kwa sababu alikuwa ameweka pamba safi kwenye kitambaa cha nyuma. Wimbo wa ng'ombe ulikuwa umekatika. Watu wa mistari ya karibu walikuwa wamesimama wima. Mayu Minza akawaambia kwa Kisukuma wachume, na wakainama, lakini hakuna aliyeimba tena.

Kulwa alikwenda mpaka mwisho wa mstari. Nilimwona mgongo tu, shati lake jeupe katika weupe ule, likipungua. Huko mwisho alisimama muda. Nilijaribu kuupima muda ule kwa mazoea na sikuweza. Niliwaza vitu vidogo. Kwamba baa ya Sapiwi iko umbali wa kutembea. Kwamba mfukoni nina nauli. Kwamba bia ya kwanza ni baridi mkononi kabla haijawa baridi mdomoni. Niliyawaza yote hayo huku mikono yangu inachuma, na niliiachia iendelee.

Alirudi kwa mstari ule ule niliokuwamo mimi, akichuma kuja kwangu, mpaka tukakutana uso kwa uso na mche mmoja kati yetu.

"Uliandikia wapi?"

"Baa. Pale stendi."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

Alifikiri. "Saa tisa nilikuwa kwenye mizani. Ungekuja ungenikuta. Ningekupa kiti."

Nimehojiwa na mawakili. Nimetishwa na watu wenye bunduki na wenye vyeo. Hakuna sentensi iliyowahi kunipata mahali iliponipata ile. Ningekupa kiti. Nakijua kiti chenyewe, makarani wa mizani huwa wanacho kimoja cha kukunja kwa ajili ya wageni.

Nilimwambia nimemkosea. Niliyasema maneno hayo mara moja, bila kuyapamba, na sikumwomba anisamehe, kwa kuwa ningemwomba angelazimika kunijibu mbele ya watu, na nilikuwa nimeshamtwisha mizigo ya kutosha.

Alichosema ni hiki, na alikisema kwa wote, si kwangu:

"Gazeti halikuninywesha. Nilikunywa mwenyewe, na hilo mnalijua, nimelisema ghalani. Lakini kazini alinitoa huyu."

Mtu mmoja akasema mhola, kwa mazoea. Kisha akaona haya.

Kulwa akafuta mikono kwenye suruali. Akaniambia nitoe daftari. Nilimtazama Mayu Minza, kwa sababu kanuni yake naijua. Yeye akatazama juu kidogo, upande wa ghala.

"Kule ndiko hatuandikwi," akasema. "Hapa ni shamba langu. Andikeni."

Nikatoa daftari, na pale pale kwenye mstari, kwa vidole vyenye damu kidogo, nikamuuliza Kulwa maswali niliyopaswa kumuuliza mwaka jana. Kulwa ng'wana nani. Ng'wana Maduhu. Alikuwa gulio gani. Alifika saa ngapi siku ile, aliondoka saa ngapi, nani walimwona. Alipima pamba ya nani wa mwisho. Alikuwa amekunywa? Alisema siku ile hakuwa amekunywa, lakini niandike pia kwamba enzi hizo alikuwa anakunywa Jumamosi, asije mtu akasema amefanywa malaika. Nikaandika. Aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Alisahihisha jambo moja, saa ya kufunga mizani. Hakuwa na haraka, wala mimi. Upepo ulikuwa unapita juu yetu, na kwa muda ule nilikuwa mwandishi mzuri kuliko nilivyowahi kuwa, na mtu niliyekuwa namhoji hakuwa na sababu yoyote ya kunipenda.

Akauliza juu ya habari patakuwa na jina la nani. Nikamwambia langu.

Tulimaliza ekari moja na zaidi ya nusu. Iliyobaki itasubiri, kwani kesho ni Jumapili na watu wanasali. Majirani hawakuja, ila yule mwanamke wa uji alikuja saa nane na kitambaa chake, akaingia mwishoni mwa shamba bila kumsalimia mtu, akachuma. Mayu Minza alijifanya hakumwona mpaka wakati wa chakula. Tulikula ugali, maziwa ya mgando, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Watu walikula kwa kelele kidogo kuliko inavyokuwa baada ya kazi kama ile. Kulwa alikaa upande wa pili wa sufuria.

Saa kumi nilikuwa Bariadi mjini, kwenye duka la intaneti, nimetuma sahihisho kwa mhariri wangu. Alinipigia baada ya muda mfupi. Alisema habari hiyo ni ya zamani, hakuna anayeikumbuka. Nikamwambia yupo mmoja anayeitembeza mfukoni. Alisema nikilazimisha, wakubwa watauliza kwa nini nilikaa kimya mwaka mzima, na Bariadi si mji ambao hauwezi kupata mwandishi mwingine. Nikamwambia yuko sahihi kwa yote mawili, na kwamba naomba itoke na jina langu. Akasema ataona. Sijui ataona nini. Kwa hiyo naiweka hapa, ambapo hakuna wa kuniuliza:

Habari iliyochapishwa msimu uliopita kuhusu karani wa mizani aliyekutwa amelewa haikumhusu Kulwa Maduhu wa gulio la Sapiwi. Siku hiyo Kulwa Maduhu alikuwa kazini tangu mizani ilipofunguliwa hadi ilipofungwa, na hakuwa amelewa. Aliyekuwa amelewa ni mwandishi wa habari hiyo. Hakufika kwenye gulio, hakumtafuta mtajwa, na alipoujua ukweli alinyamaza. Mwandishi huyo ni mimi, na jina langu lipo juu ya blogu hii.

Nimeisoma mara nne. Haina kitenzi cha kujivunia.

Kiu ipo. Naiandika kwa sababu nisipoiandika itakuwa nimeanza tena kuripoti kutoka mbali. Imekuja nilipotoka duka la intaneti, ikanifuata mpaka mlangoni kwangu, na sasa imekaa hapa kama mgeni asiyejua kuaga. Nimechemsha chai. Nje vumbi linageuka rangi ya chungwa, kisha ya waridi, na watu wanapita ndani yake bila miguu.

Wakati tunaagana kule shambani, Kulwa alikuwa anafunga kitambaa chake. Wengine walikuwa wameshatangulia. Aliniambia, akiwa bado ameinamia fundo:

"Jumatatu naanza shamba langu. Umande ukikauka."

Alibeba mzigo wake kichwani akaenda.

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Labda ananiita nichume. Labda anataka kunitukana mahali ambapo hakuna wa kumsikia, baada ya mwaka mzima wa kujizuia. Labda hata yeye bado hajaamua, na ataamua akiniona natokea mwanzo wa mstari. Sina namna ya kulijua jambo hilo nikiwa nimekaa hapa mezani.

Njia ya kulijua ni kwenda.